Usumba ndani ya saruji: jibu kwa mwenye nyumba wa Mkomani

Swali: "Assalaam aleikum Ami. Mimi ni wa Mkomani, Lamu. Nyumba niliyoachiwa na mama ni ya mawe na chokaa, dari zake za boriti. Ukumbi wa chini ulipigwa plasta ya saruji zamani kidogo, sasa inabambuka na nyuma yake mna unga mweupe. Juu kuna jiko lenye paa la makuti lililochoka. Na kuna chumba kimoja boriti zake zimeliwa. Fundi amenijia na dawa moja ya yote: saruji iliyochanganywa na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Atapiga plasta chini, atafinyanga vigae vya paa juu, na kile chumba atamwaga zege la usumba bila nondo, kwa kuwa nondo Lamu zinashika kutu. Anasema usumba hauozi, hata mitepe, vile vyombo vya zamani vya baharini, ilishonwa kwa usumba, na ujenzi wa namna hii hauharibu mazingira. Nimwamini? Na usumba huwekwa kiasi gani?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Fundi wako si mwongo. Ana neno moja la kweli, ila amelitandika juu ya kazi tatu zisizofanana. Plasta naikubali, kwa sharti kwamba saruji itoke. Vigae nasitasita. Zege la dari mwambie aweke sepetu chini leo, kabla hujamaliza hata kusoma.

Nianze na hilo zege kwa sababu ndilo linaloua. Zege likielemewa hupasuka upande wa chini likiwa limerefuka kidogo mno, kama sehemu moja au mbili katika 10,000. Nondo ikiwemo inaudaka ufa palepale, maana chuma hakikubali kuvutika. Usumba ni kinyume chake. Uzi wake unaweza kurefuka asilimia 15, hata 30, kabla ya kukatika, na kwa ugumu wa kuvutika chuma kinaupita mara 40 na zaidi. Hata zege lenyewe ni gumu kuliko huo uzi unaotakiwa kulishikilia. Dari itakuwa imepasuka na kuinama, nawe uko chini yake, ndipo usumba uanze kukaza. Ni kumfunga fahali kwa mpira wa baiskeli: mpira haukatiki, lakini fahali yuko shambani kwa jirani.

Boriti zilizoliwa hubadilishwa kwa boriti. Naamini upana wa chumba chako haufiki mita tatu, na si kwa bahati. Waliojenga walipima chumba kwa mti: mkoko wa urefu ule ndio unaoweza kubeba tabaka zito la mawe na chokaa lililo juu yake. Siku hizi mikoko hukatwa kwa kibali, na Mkomani iko ndani ya mji mkongwe ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini. Uliza fundi aliyewahi kutoa boriti moja moja huku dari imeegemezwa. Kazi hiyo haifundishwi kwa simu, nami sitajaribu.

Sasa hoja ya mtepe. Naipenda, na kwa mtu wa Lamu ni hoja inayogusa moyo: chombo kizima bila msumari, mbao zimeshonwa kwa kamba ya usumba, na kikasafiri. Unajua pia kamba ile inavyopatikana. Makumbi yanafukiwa pwani kwenye mchanga unaofikiwa na maji, yanakaa miezi, kisha akina mama wanayafukua na kuyaponda kwa rungu. Kila kilicho laini kinaoza na kuondoka. Kinachobaki ni uzi mgumu wa rangi ya hudhurungi, ambao karibu asilimia 40 yake ni lignini, ile gundi ya miti inayowashinda wadudu na vijidudu. Mkonge una lignini kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo bahari kweli haiuwezi usumba kwa urahisi.

Lakini saruji si bahari. Ukali wa namna ya magadi hupimwa kwa pH: maji ya bahari yana kipimo cha 8 na kidogo. Maji yaliyojificha ndani ya saruji mbichi yanapita 12.5, mara nyingi yanakaribia 13. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo toka 8 hadi 13 ni mara laki moja. Huo ukali ndio unaokula vidole vya waashi, na ndio unaoyeyusha ile gundi ambayo vijidudu vya matope vilishindwa nayo. Watafiti wa Brazil, akiwemo Romildo Toledo Filho, walitumbukiza nyuzi za mkonge na za nazi katika maji ya chokaa yenye pH 12. Baada ya siku 300 nyuzi zote mbili zilikuwa zimepoteza nguvu na unyumbufu wote. Miezi kumi, mwanangu. Mtepe usingefika hata msimu wa pili wa kaskazi.

Kuna na njia ya pili ya uharibifu, nayo haionekani kwa nje. Uzi wa mmea ni mrija, na kila ukilowa na kukauka chokaa iliyoyeyuka inaingia ndani ya mrija na kuganda humo. Uzi unageuka chaki. Nina kipande nyumbani Malindi nakitumia kufundishia vijana: kigae kirefu cha saruji na mkonge, cha zamani, kilichokuwa juu ya banda la kuku. Ukikishika kinaonekana kizima. Nilikivunja gotini kikakatika moja kwa moja kama biskuti, bila uzi hata mmoja kuning'inia. Ukitazama mvunjiko kwa karibu unaona vitobo vidogo vya mviringo, vingine vitupu, vingine vina unga wa manjano. Hapo ndipo mkonge ulipokuwa. Kigae kile kilipokuwa kipya ungekivunja ukasikia nyuzi zinachomoka moja moja, kik, kik, na vipande viwili visingeachana.

Si ajali ya banda langu. Ludwig Hatschek wa Austria ndiye aliyeanzisha bati la saruji lenye nyuzi, akapewa hataza mwaka 1901, na uzi wake ulikuwa asbesto. Asbesto ni jiwe, ukali wa saruji hauitishi. Inamaliza mapafu ya watu badala yake. (Ikiwa jirani yako bado ana mabati yale ya kijivu yenye mawimbi, asiyakate kwa msumeno wala kuyafagia yakivunjika. Kisheria ni taka hatari, yana utaratibu wake wa kuondolewa.) Dunia ilipoanza kuikimbia asbesto, katika miaka ya 1970 na 1980, nchi nyingi zenye mkonge, za Afrika Mashariki zikiwemo, zilijaribu kuezeka kwa saruji na mkonge. Ilikuwa ndoto nzuri: uzi wa shambani, saruji ya dukani, ajira kijijini. Mabati yakatoka mazuri, na baada ya miaka michache yakaanza kupasuka. Mwaka 1983 Hans-Erik Gram wa Sweden aliandika kwa kina kwa nini, na sababu ndiyo hiyo niliyokueleza. Waliokuwa wakifundisha utengenezaji wa vigae hivyo walifanya jambo la busara: wakapunguza ukubwa, wakautikisa udongo wa saruji kwa mashine ndogo ili ushikane, na uzi wakautoa kabisa. Vigae visivyo na uzi ndivyo vilivyodumu.

Basi usumba hauna kazi? Unayo, tena kubwa, ila ni ya utotoni. Fikiria plasta iliyopigwa saa nne asubuhi mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na ukuta una moto. Uso wa plasta unakauka huku ndani bado ni majimaji. Uso unataka kusinyaa, ndani haujawa tayari, na kabla ya Adhuhuri ukuta umechorwa nyufa kama ramani. Wakati huo plasta ni laini kuliko uzi, uzi ndio mgumu, na nyuzi elfu zilizotawanyika zinaushika kila ufa kabla haujafunguka. Hiyo ndiyo kazi ya usumba: saa za kwanza, siku za kwanza, miezi ya kwanza. Plasta ikishakomaa bila nyufa, uzi ukigeuka chaki baadaye si msiba, maana hakuna aliyekuwa anautegemea tena. Wenzetu wa kwingine walitia manyoya ya wanyama katika plasta ya chokaa kwa sababu hiyohiyo.

Nami nakiri kuna namna ya kuufanya uzi uishi zaidi, nayo ni kuipunguzia saruji chokaa yake. Saruji ikiganda huzaa chokaa huru nyingi, na hiyo ndiyo inayoulinda ule ukali. Ukitia kitu chenye silika, yaani madini ya mchanga, au udongo uliochomwa na kusagwa laini, yaani pozolana, kinaila hiyo chokaa na kuigeuza gundi nyingine. Toledo Filho na wenzake walifika mahali pa kuondoa nusu ya saruji na kuweka udongo mweupe uliochomwa, na mkonge ukabaki na nguvu zake. Mjini São Paulo kuna nyumba iliyojengwa mwaka 1989 kwa kuta za usumba na saruji iliyotokana na masazo ya tanuri za chuma, yenye ukali mdogo. Baada ya miaka 12 walichukua vipande, wakazitazama nyuzi kwa hadubini, na zilionekana nzima. Kuta zenyewe zilikuwa zimeshaliwa na hewa kabisa, yaani gesi ya kaboni imeingia ndani na kuigeuza chokaa kuwa jiwe tena. Hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Sisi wahandisi tumefundishwa kuiogopa hewa hiyo kwa sababu ikiingia kwenye zege ukali unashuka na nondo zinaanza kutu. Kwa uzi wa mmea ni rehema. Adui wa chuma ni rafiki wa usumba.

Shika hilo, kwa sababu ndilo linalotupeleka kwenye ukuta wako.

Ule unga mweupe nyuma ya plasta ni shura, chumvi. Mawe ya nyumba yako ni matumbawe, yana vinyweleo kama mkate wa mofa, na yanavuta unyevu kutoka chini. Plasta ya chokaa inapumua: unyevu unapita, unakaukia nje, chumvi inabaki usoni unaipangusa kwa brashi. Saruji inaziba. Unyevu unakwama nyuma yake, chumvi inaganda palepale kwenye mshono wa jiwe na plasta, inavimba, inasukuma, na plasta inatoka kipande kizima ikiwa imebeba uso wa jiwe mgongoni. Ukitia usumba ndani ya saruji hiyo hutakuwa umebadilisha kitu. Itabambuka vilevile, tofauti ni kwamba vipande vitaning'inia kwa nyuzi kabla ya kuanguka.

Kwa hiyo toa saruji yote ya ukumbini, kwa patasi na nyundo ndogo, bila mashine ya kutikisa. Panapogoma, acha kwanza, usivunje jiwe kwa ajili ya plasta. Chumvi pangusa ikiwa kavu. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Kisha tafuta unyevu unatoka wapi. Katika nyumba za Lamu mara nyingi mshukiwa wa kwanza ni birika la chooni, lile hodhi la maji. Mimi huwaambia watu wawaangalie wale samaki wadogo wanaowekwa kula viluwiluwi vya mbu: wakionekana wamejaa sana ghafla, maji ndiyo yamepungua. Birika likivuja hakuna plasta duniani itakayokaa upande wa pili wa ukuta huo. Ukishaziba, uache ukuta uchi upumue, ikiwezekana msimu mzima.

Plasta mpya iwe ya chokaa. Chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa kiwandani inafaa, lakini iroweke kwenye pipa kwa maji matamu wiki mbili au zaidi, iwe kama siagi. Kwa ukuta wa chini wenye unyevu ningependa pozolana kidogo: unga wa tofali la kuchomwa, lile jekundu laini lisilochomwa sana, limesagwa na kupitishwa kwenye chekeche la unga. Kipimo changu ni chokaa ndoo mbili, unga wa tofali ndoo moja, mchanga ndoo tano. Mchanga usiwe wa ufukoni kwa sababu ya chumvi, na usikubali uliochotwa kwenye vilima vya Shela hata ukipewa bure. Vile vilima ndivyo vinavyohifadhi maji matamu mnayokunywa.

Usumba ukiwa umelowekwa baharini umejaa chumvi pia, na ukiwa mpya una sukari na ule ute wa kahawia unaochelewesha saruji kuganda. Uchemshe au uuroweke kwa maji matamu, badilisha maji mpaka yasitoke rangi ya chai, kisha uanike. Ukate urefu wa sentimita mbili hadi tatu, kama pingili ya kidole. Hapa mafundi wengi wanakosea kwa kuacha nyuzi ndefu wakidhani urefu ndio nguvu. Nyuzi ndefu zinajisokota na kufanya mabonge, na kila bonge ni tundu ndani ya ukuta.

Kiasi umeuliza. Kwa mfuko wa chokaa wa kilo 25 na mchanga wake, nusu kilo ya usumba mkavu inatosha, robo tatu ya kilo ndiyo mwisho. Utaona ni mwingi, unafurika karai zima, kwa kuwa ni mwepesi. Fundi ataongeza akidhani zaidi ni bora, mchanganyiko utakataa kushikana, naye ataulainisha kwa maji, na hayo maji ndiyo yatakayoleta nyufa ulizotaka kuzizuia. Usumba wenyewe unakunywa maji kupita uzito wake, kwa hiyo uloweshe kabla, uukamue, ndipo uutawanye kwa mkono, mtu mwingine akikoroga, kidogo kidogo kama anayetia unga kwenye sima. Chota mwiko mmoja uuinamishe: udongo mzuri unateleza taratibu ukiwa na ndevu ndogo pembeni, bila bonge.

Piga tabaka la sentimita moja, si zaidi. Lowesha ukuta kabla. Subiri mpaka ukucha uache alama lakini kidole kisizame, ndipo upige la pili. Tabaka la mwisho, lile jembamba la kung'arisha, lisiwe na usumba, vinginevyo ukumbi utaota nywele. Usipige plasta kwenye jua la mchana wakati wa kaskazi. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyanyunyizie kwa siku saba. Na kataa ule wavu wa waya wa kuku ambao mafundi hupenda kuupigilia misumari kwanza. Kwa hewa ya Lamu utashika kutu, na kutu ni kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inaifyatua plasta. Katika hilo fundi wako ana haki kabisa, uzi wa nazi haushiki kutu.

Je, chokaa nayo si kali? Ni kali, pH yake ni 12.4 ikiwa mbichi. Lakini plasta ya chokaa ni nyembamba na ina vinyweleo, hewa inaingia na kuigeuza jiwe kwa miezi, si kwa miongo, na ukali unashuka chini ya 9. Uzi utachakaa kiasi, sikufichi. Kwa kazi tuliyoupa unatosha.

Nina chupa ndogo ya fenoftalini naitembeza mfukoni kama wengine wanavyotembea na uturi. Ukidondoshea kwenye mvunjiko wa plasta, penye ukali panageuka waridi, palipokwisha kuliwa na hewa hapabadiliki. Ukimpata mwalimu wa kemia wa sekondari mwombe matone machache, utaona kwa macho yako mwenyewe hewa imefika wapi.

Vigae vya jiko. Paa hilo liko juu ya nyumba ya zamani, kwa hiyo uzito ni jambo. Kigae cha saruji cha sentimita 50 kwa 25 chenye unene wa milimita 8 huenda 13 kwa mita moja ya mraba, na mita hiyo inaelekea kilo 30. Kwa jiko dogo dari lako litastahimili ikiwa nguzo zimekaa juu ya kuta na si katikati ya boriti. Ukiamua kuvitengeneza, nguvu itoke kwenye mtikisiko na kulowekwa: saruji moja mchanga tatu, maji machache, meza ya kutikisa, kisha vigae vikae ndani ya maji wiki nzima. Usumba ukipenda tia kiasi cha asilimia moja ya uzito wa saruji, nusu kilo kwa mfuko wa kilo 50, ili visipasuke vikiwa vibichi kwenye kibao. Usiufikirie tena baada ya hapo. Mteremko usiwe chini ya digrii 22, na vifungwe kwa waya wa shaba, maana waya wa kawaida hautamaliza miaka mitatu.

Mwenye pesa anaweza kununua mbao za saruji za kiwandani zenye selulosi, ile ya karatasi. Hizo zinadumu kwa sababu mbili: selulosi imekwisha kutolewa lignini, na bodi imepikwa kwa mvuke ndani ya mtungi wa shinikizo, kwenye joto la kama digrii 180, pamoja na silika ya kuimaliza ile chokaa. James Hardie wa Australia ndiyo waliotoka kwenye asbesto kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haiwezekani kuifanya uani.

Kuna uzi mwingine ambao fundi wako anaukanyaga kila siku forodhani: nyavu za nailoni zilizochakaa. Nailoni inavumilia ukali wa saruji vizuri kuliko mmea wowote, na watafiti wamekwisha kutia nyuzi za nyavu kuukuu katika plasta ya saruji na kuona inakataa kuvunjika ghafla. Zioshwe chumvi, zikatwe fupi. Kwa vigae vyako ningejaribu hizo kabla ya usumba. Kwa ukuta wa kale hapana, sitaki plastiki ndani ya nyumba ya mama yako ilhali usumba unatosha.

Na mazingira. Utengenezaji wa saruji unatoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya gesi ya kaboni inayotolewa na binadamu, kwa sababu mawe ya chokaa yanachomwa kwenye joto la digrii 1,450 hivi kutengeneza klinka, zile punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji, na jiwe lenyewe linatoa gesi likichomwa. Nusu kilo ya usumba ndani ya mfuko wa kilo 50 haipunguzi chochote hapo. Mfuko ni uleule. Kinachopunguza ni klinka kuwa kidogo. Kwa hiyo hata kwa vigae soma alama ya aina ya saruji kwenye mfuko: CEM II/B-P ina pozolana kati ya asilimia 21 na 35, CEM IV/B inafika 36 hadi 55. Nguvu zake zinakuja polepole, lakini kwa kigae kinacholala majini wiki nzima si neno, na ukali wake kwa uzi ni mdogo. Siku hizi kuna pia mchanganyiko uitwao LC3, klinka nusu tu na sehemu kubwa ya iliyobaki ni udongo uliochomwa kwenye digrii 700 hadi 850 pamoja na unga wa mawe ya chokaa. Wenye mpunga kule Tana wana kapi wanazozichoma ovyo. Zikichomwa bila moto kuzidi na kusagwa, jivu lake karibu lote ni silika, na ni pozolana nzuri sana. Sijaelewa kwa nini bado tunalitupa.

Chokaa nayo si malaika. Kilo 100 za jiwe zikichomwa zinatoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za gesi, mbali na kuni. Ila ikiganda ukutani inainywa tena sehemu kubwa ya gesi ileile, na moto wake ni wa digrii kama 900. Usinunue iliyochomwa kwa matumbawe hai wala kwa kuni za mikoko. Hapo umeharibu mara mbili. Na hesabu ambayo watu huisahau ni hii: plasta ya saruji ya ukumbini kwako imedumu muda mfupi na inatoka na uso wa jiwe. Takwa, mji ule wa magofu ng'ambo kule Manda, wamehama tangu karne ya 17, na bado utaona chokaa imekamata mawe yake.

Kabla hujamlipa fundi hata shilingi, mpe jaribio. Afinyange vibao sita vya ukubwa wa daftari, unene wa kidole: vitatu vya mchanganyiko wake wa saruji na usumba, vitatu kwa CEM IV na usumba uleule uliooshwa. Viloweke wiki. Vunja kimoja kimoja cha kila aina, gotini, usikilize. Vinne vilivyobaki vizamishe ndani ya ndoo kila Magharibi na uvitoe juani asubuhi, siku 40 bila kuruka, kisha vunja kimoja kimoja tena. Viwili vya mwisho viache darini mpaka masika yapite. Ukishavunja, nipigie picha ya mvunjiko kwa karibu, mwanga wa asubuhi ukitoka ubavuni, uonyeshe kama nyuzi zimechomoka au zimekatika sawasawa na saruji. Uandike na tarehe nyuma ya kila kipande kwa penseli. Wino wa kalamu utaondoka ndani ya ndoo.